Kilichofichwa na Ndevu

Palikuwa na kinyozi mmoja ambaye ndevu zake zilijulikana kuliko yeye mwenyewe. Zilikuwa nyingi, nyeusi tii, zimechongwa pembeni kwa mstari ulionyooka, na mteja akiingia dukani alizisalimia kwanza kwa macho kabla hajamsalimia mwenye nazo. Hata kibao cha mlangoni hakikuwa na jina la mtu. Kiliandikwa KWA NDEVU, na chini yake zikachorwa ndevu tupu zisizo na kichwa, kwa sababu mchoraji alikiri kwamba vichwa vinamshinda.

Basi na yeye watu wakamwita Ndevu, naye akaitika. Mteja aliyesita kufuga za kwake aliambiwa neno moja tu, "Nitazame mimi," akatazama, akaondoka na kichupa cha mafuta ya ndevu na matumaini makubwa. Wasichokiona wote hao, maana hakuna aliyekiona tangu Ndevu amalize shule, ni uso wenyewe.

Ujanani chunusi zilimvamia mashavuni na kidevuni bila huruma. Akazibinya zote kwa kucha, moja baada ya nyingine, akijiona daktari. Chunusi zilikwenda zao, zikamwachia mashimo. Darasani wakamwita Msasa, ile karatasi ya seremala ya kusugulia mbao, na jina likamganda hata walimu wakawa wanajisahau. Ndevu za kwanza zilipochomoza alizikaribisha kwa mikono miwili. Alizifuga, akazilisha mafuta, zikafunika kila kitu, na alipohamia mtaa mwingine na kufungua duka, Msasa alibaki huko huko alikotoka.

Mkewe, fundi cherehani, alimkuta na ndevu hizo na kuolewa nazo. Mara moja, siku za uchumba, alimwomba aone kidevu chake. "Nikinyoa, duka limekufa," Ndevu akamjibu kwa uso mkavu, na kwa kuwa jibu lilikuwa na ukweli ndani yake, mchumba hakuuliza tena.

Kisha akazaliwa Bosi.

Alikuwa mtoto wa kike, na jina lake la kwenye cheti lilikuwa zuri na refu, ila hakuna aliyelitumia, kwa sababu tangu siku ya kwanza alilia kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa nini kazi haijaisha. Ndevu alimpenda mpaka akawa kero. Alifunga duka mapema, akaja nyumbani mbio, akambusu mtoto shavu hili, akambusu shavu lile, na Bosi akapata vipele vyekundu mashavu yote mawili.

Wakaenda naye kliniki. Muuguzi aligeuza shavu la mtoto kwenye mwanga, akamtazama mama, akamtazama bibi mzaa mama aliyewasindikiza, halafu akamtazama Ndevu na macho yakabaki hapo hapo.

"Hizo unapaka nini?"

"Mafuta ya ndevu. Nachanganya mwenyewe."

"Na unambusu mtoto."

"Ni mwanangu."

"Basi chagua, baba. Ama zitoke hizo, ama usimsogelee kwa uso. Ngozi yake bado laini. Ndevu zinamkwaruza, na hayo mafuta yako yanammalizia."

Ndevu akajaribu kukwepa. Kwanza aliacha mafuta, na ndevu zikakauka zikawa brashi ya viatu, vipele vikaongezeka. Halafu akazifunga kwa kitambaa cheupe, akakizungusha chini ya kidevu na kukikaza fundo utosini, akawa anatembea nyumbani kwake kama mtu mwenye jino bovu. Alikula nacho, akapokea wageni nacho. Bosi, ambaye sasa alikuwa anaweza kukaa akiegemezwa mito, alikitazama kile kitambaa kwa mashaka ya askari wa getini.

Humo ndani alikuwamo pia mama mkwe. Alikuja kumsaidia binti yake kwa muda mfupi tu, akanogewa na mjukuu, na habari za safari ya kurudi zikafa kimya kimya. Alikuwa mama mwenye adabu zake zote. Alimwita mkwewe "baba," hakumkodolea macho, wala hakumwambia jambo la kumkosoa hata siku moja. Yote aliyotaka kumkosoa alimwambia mtoto, kwa sauti ya kufika hadi chumba cha pili.

"Bosi, mjukuu wangu," alisema akimpepea, "mwenzio ana wembe dukani, ana mashine, ana mikasi ya kila namna. Kunyoa watu anajua. Sijui kinachomshinda ni nini. Au na wewe hujui?"

Ndevu alijitia hamnazo, lakini kila neno lilimfikia. Akamwomba mkewe muda kidogo. Mkewe akamuuliza muda wa nini, akasema wa kujiandaa, na mkewe akamwangalia kama anavyomwangalia mteja anayesema kiuno hakijaongezeka.

Mpango wake ulikuwa huu. Angetafuta tiba ya yale mashimo kwanza, uso ulainike kimya kimya humo humo gizani, halafu siku moja anyoe na kutoka akiwa laini, na Msasa asijulikane kama aliwahi kuishi. Akaaga kwamba anakwenda kuangalia mashine mpya ya kunyolea, akaenda kwa daktari wa ngozi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Aliivaa.

"Karibu, kaka. Shida ni nini?"

"Makovu ya chunusi, daktari."

Daktari akamtazama kushoto, akamtazama kulia. "Yako wapi?"

"Yako ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani ya ndevu."

Daktari akavua miwani. "Kaka yangu, mimi natibu ninachokiona."

"Unaweza kupapasa," Ndevu akamsaidia.

Alipapasa, kwa hisani tu. Aliachanisha ndevu kwa vidole viwili, sehemu hii na ile, akaguna. Kisha akakaa na kumweleza taratibu, kwa sababu aliona mgonjwa wake anatokwa jasho. Makovu ya chunusi si aina moja, alisema. Kuna membamba yaliyozama, kuna mapana yenye kingo, na kuna yale ambayo ngozi imevutwa chini na nyuzi zilizojifunga ndani. Tiba nazo ziko kadhaa. Kuna dawa kali ya kuchubua ngozi ya juu. Kuna sindano ndogo ndogo zinazochomwa kwa pamoja ili ngozi iumie kidogo na kujijenga upya. Kuna kuzikata zile nyuzi kwa ndani ili ngozi inyanyuke. Kuna leza, mwanga mkali unaopigwa juu ya kovu.

"Hiyo leza," Ndevu akasema, kwa vile neno lilikuwa na heshima.

"Ni nzuri kwa anayeijulia. Ngozi zetu nyeusi ukizichokoza vibaya zinaweka doa. Na nyingine, ukiipiga penye ndevu, inaweza kuondoka na ndevu zenyewe."

Ndevu akashika ndevu zake kwa mikono miwili.

"Na ipi inayomaliza kabisa?"

"Hakuna. Zote zinapunguza, na zote zinataka miezi. Nitachagua na wewe, tena kwa raha zetu, lakini kwanza unyoe nione."

"Mimi nilitaka nipone ndiyo ninyoe."

"Na mimi nataka unyoe ndiyo nitibu," daktari akasema. "Nenda ukafikirie. Ila usijipake kitu cha dukani, nakuomba. Nimeshaona watu waliojitibu, na kazi yangu ilikuwa kutibu ile tiba."

Ndevu alikubali kwa kichwa, kwa mdomo na kwa mkono kifuani. Kisha akatoka nje na kuyasahau yote pale pale kwenye ngazi, kwa sababu alikuwa amepata wazo lake mwenyewe. Yeye ni kinyozi. Kila siku wanaketi mbele yake watu wa kila aina, wenye elimu, wenye uzoefu, wenye nyuso. Angewauliza.

Asubuhi iliyofuata akaanza na mwalimu mmoja aliyekuja kunyolewa shingo. Akamlaza kichwa, akampaka povu, akafungua wembe.

"Mwalimu, nina rafiki yangu ana makovu ya chunusi," akasema huku wembe ukipanda kooni. "Anafikiria leza. Unaonaje?"

"Leza," mwalimu akajibu bila kutikisika. "Safi sana."

"Wengine wanasema inaondoa ndevu."

"Hapo wana hoja. Asifanye leza."

Akaja karani wa benki. Kwake Ndevu alijaribu upande wa sindano, na karani, akiwa ameangalia dari, alisema sindano ndiyo mpango mzima, na hata yeye angekuwa na makovu angechomwa. Akaja dereva wa lori, mtu mnene mwenye sauti nzito, anayejulikana stendi nzima kwa ubishi. Huyo Ndevu alimtegemea. Akampitishia wembe chini ya taya na kumuuliza habari za dawa ya kuchubua, ile ya chupa, inayouzwa duka la vipodozi.

"Wazo zuri sana," dereva akanong'ona.

"Hata akijipaka mwenyewe nyumbani?"

"Nyumbani ndiyo bora zaidi."

Kama dereva yule mbishi amekubali, Ndevu akawaza, basi hilo jambo lina uzito. Mwenzake wa kiti cha pili, mzee aliyeitwa Mashine kwa sababu hakuamini wembe hata siku moja, alikuwa akisikiliza yote hayo huku akinyoa kichwa cha mtu, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Ndevu alidhani ni kikohozi.

Jioni alinunua chupa. Ilikuwa na picha ya mwanamke anayecheka peke yake. Akaingia bafuni, akachagua mahali padogo juu ya shavu, pale ndevu zinapoanzia, akajipaka tone la majaribio. Ikamwasha. Akajikaza kisabuni, akijua kwamba dawa kali ndiyo dawa. Ikazidi kumwasha. Alipokuja kuiosha, alikuwa anaimba kwa sauti ya juu ili nyumba isisikie anavyolia, na mama mkwe huko sebuleni akamuuliza Bosi tangu lini baba yake amekuwa mwimbaji.

Kulipokucha pale mahali palikuwa peusi na pamevimba.

"Bosi," mama mkwe akasema mezani, akiangalia kikombe chake, "hivi mtu anaweza kuungua na pasi shavuni akiwa bafuni? Nauliza tu."

Dukani, mambo yalimharibikia kabisa. Yule dereva wa lori alirudi, maana alikuwa amesahau kofia yake. Aliichukua kwenye msumari, akaivaa, na akiwa amesimama mlangoni akaliona shavu la Ndevu.

"Umefanya nini hapo?"

"Ile dawa ya kuchubua," Ndevu akasema kwa uchungu, akisahau kabisa habari za rafiki. "Uliyoisema wewe."

"Mimi?"

"Jana. Ulisema ni wazo zuri sana. Ulisema nyumbani ndiyo bora zaidi."

Dereva akamwangalia kwa muda, akitafuta namna ya kumwambia kwa upole, akaikosa. "Ndevu," akasema, "jana ulikuwa na wembe hapa." Akagusa koo lake. "Ungeniambia rafiki yako anataka kuoga petroli, ningesema ni wazo zuri sana. Mtu yeyote aliyelala kwenye hicho kiti anakubaliana na wewe. Ulikuwa hujui?"

Mashine akazima mashine yake, akakaa chini na kucheka mpaka machozi. Ndevu alisimama na taulo mkononi. Alikumbuka mambo mengi kwa mkupuo mmoja: siasa alizoshinda kwenye kiti kile, mipira aliyoichambua, ushauri wa ndoa aliowapa watu na wakaupokea bila neno. Miaka yote hiyo alijiona mtu mwenye busara, kumbe alikuwa mtu mwenye wembe. Iliuma kuliko ile dawa.

Alirudi nyumbani mapema, akajifunga kitambaa chake mlangoni, akaingia. Mkewe alikuwa sakafuni na mtoto, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Baba Bosi, umekosa jambo. Bosi kacheka leo. Kacheka kwa sauti, mpaka akapaliwa."

"Kacheka na nani?"

"Na bibi yake."

Mama mkwe, kwa heshima, akajifanya anatafuta sindano kwenye zulia. Ndevu akapiga magoti haraka mbele ya mtoto, akatabasamu kadiri alivyoweza ndani ya kitambaa, akatikisa kichwa, fundo la utosini likatikisika nalo. Bosi akamtazama. Mdomo wa chini ukaanza kutokeza, ukatetemeka, na kilio kilichofuata kilisikika kwa majirani. Bibi akamchukua, na mtoto akanyamaza papo hapo, akaficha uso shingoni kwake.

"Ananiogopa," Ndevu akasema.

"Hakuogopi," mkewe akamjibu, akikunja nepi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata zaidi. "Sasa hivi anajifunza nyuso. Wangu anao, wa bibi yake anao. Wako hana. Ana kitambaa."

Ndevu aliinuka akaenda kusimama dirishani, akawa anaangalia nguo za jirani kwenye kamba. Moyo ulimuuma kweli kweli. Miaka yote aliogopa kwamba mtu atauona ule uso, na haikumpitia akilini hata mara moja kwamba kuna mtu anautafuta.

Kesho yake alimtangulia Mashine dukani. Mzee alipofika alimkuta Ndevu ameketi kwenye kiti cha wateja, amejifunga shuka shingoni.

"Ninyoe," Ndevu akasema.

"Kidogo pembeni?"

"Zote."

Mashine alimwangalia, akaangalia nje kwenye kibao, akamwangalia tena. Kisha akawasha mashine na kuanza chini ya sikio. Ndevu alifumba macho. Ziliangukia mapajani kwa mafungu, na kila fungu lilipoanguka aliona baridi mahali ambapo hapakuwa na baridi tangu ujana wake. Mzee alimfuta kwa taulo ya moto, taratibu, akilikwepa lile doa la kuungua, akarudi nyuma hatua moja.

"Kumbe una kidevu," akasema, na akaenda kuchukua ufagio.

Njiani hakuna aliyemsalimia. Muuza magazeti aliyeongea naye kila asubuhi alimpa kisogo, na fundi viatu akamuuliza kama ni mgeni mtaani. Ndevu alitembea ameinamisha kichwa, mkono kidevuni, akajiona yuko uchi. Alipogonga mlango wake mwenyewe, aliufungua mama mkwe, mtoto mkono mmoja, na mwili wote umeziba njia.

"Karibu, baba. Mwenye nyumba hayupo."

"Mama, shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mkweo, mama."

Mama mkwe akamwangalia juu hadi chini, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akamkodolea macho. Hakuondoka mlangoni. Aligeuza kichwa, akaita ndani kwa sauti ya utulivu, "Mwanangu, hebu njoo. Kuna mtu hapa ana sauti ya mumeo."

Mkewe akatoka na futi yake ya kupimia shingoni. Akasimama. Ndevu akashusha mkono kutoka kidevuni, polepole, na mkono ule ulikuwa mzito.

"Haya ndiyo," akasema.

"Haya ndiyo nini?"

"Mashimo. Ya chunusi. Shuleni waliniita Msasa."

Mkewe akasogea karibu. Akakishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga, upande huu na upande ule, akitafuta. "Na kovu liko wapi?"

"Kovu gani?"

"La panga." Akamgeukia mama yake. "Mama, si ulisema la panga?"

"Nilisema huenda," mama mkwe akajitetea. "Nilisema mwanamume anayeficha kidevu huenda anatafutwa mahali. Sikutaja mtu."

"Miaka yote hii," mkewe akasema, "nimelala na mtu ninayedhani aliwahi kuvamia benki. Kila gari likisimama nje moyo unanipasuka. Nimeshapanga hadi maneno ya kuwaambia polisi. Kumbe chunusi?" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akateleza nao, akakaa sakafuni, na mama mkwe, adabu zikamshinda, naye akacheka akiwa ameufunika mdomo kwa mkono wa mtoto.

Ndevu alitaka kucheka nao, akashindwa. Mkewe akaona. Akanyamaza, akafuta macho.

"Kwani mimi nilisoma darasa lenu?" akamuuliza.

Swali hilo lilimpata penyewe. Ndevu akasema ukweli, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuuficha tena. "Niliogopa. Nilidhani ukiniona utamwona Msasa."

"Msasa simjui. Mimi namjua baba wa mtoto wangu. Ila umenikosea, ujue, na nitakuwa na kinyongo mpaka jioni. Ingia ndani."

Akaingia. Akanyoosha mikono kwa mtoto, na mama mkwe akampa. Bosi akaurudisha kichwa nyuma kumwangalia mtu huyu mpya. Mdomo wa chini ukatokeza. Ukatetemeka. Kilio kikaja kile kile cha jana. Amenyoa, na bado. Bibi akanyoosha mikono ampokonye.

"Mwache, mama," mkewe akasema kutoka sakafuni. "Waache wajuane."

Ndevu hakujua afanye nini, akafanya anachokifanya mteja mpya akiingia na wasiwasi. "Karibu, Bosi," akamwambia kwa sauti ya dukani. "Leo tunanyoaje? Tupunguze pembeni? Juu tuache? Naona umekuja na nywele tatu, lakini tutajitahidi."

Kilio kikakatika katikati. Sauti ile Bosi aliijua. Akamkazia macho yale yaliyolowa, akaangalia mdomo ilikotoka sauti, akanyoosha mkono mmoja usio na shabaha, ukampiga puani, ukateleza shavuni, ukashuka. Karibu na kona ya mdomo, upande wa kulia, palikuwa na shimo moja lililozama kuliko mengine yote, lile ambalo Ndevu alilichukia kuliko yote. Kidole kikaingia humo. Bosi akakitoa, akakiangalia, akakirudisha. Kilikaa sawasawa. Akaguna, akiwa ameridhika, akaegemea kifua cha baba yake, na kidole akakiacha palepale hadi usingizi ukamchukua.

Ndevu hakusogea. Mkono ulikufa ganzi, chai ikapoa, na dukani walimsubiri. Mama mkwe akapita mara mbili, na mara ya pili akamsemesha mkwewe yeye mwenyewe, uso kwa uso, bila kumpitia mtoto. "Baba," akasema, "nikuletee mto?"

Vipele vya Bosi vilipokwisha na lile doa la kuungua lilipoanza kufifia, Ndevu alirudi kwa daktari. Hakuwa ameacha kutaka tiba, tusije tukampamba. Dukani wateja walimuuliza mwenye duka yuko wapi, kioo kilikuwa mbele yake kutwa nzima, na uso ulikuwa wake. Aliutaka uwe bora kidogo, na hakuona kosa. Safari hii mkewe alikuja naye, akakaa pembeni na kuuliza maswali kuliko mgonjwa.

Daktari akawasha taa na kuielekeza usoni kwa ubavu, na kila shimo likaweka kivuli chake. Akayaangalia yote bila haraka, akaelezea tena. Wakakubaliana watatu: leza hapana, chupa za dukani marufuku, bali nyuzi zikatwe kwa yale yaliyozama, halafu sindano ndogo ndogo, kidogo kidogo, na ngozi ipewe muda wa kupumzika kila mara. Haitakuwa laini kama kioo, daktari akasema. Ndevu akasema hana shida na hilo.

"Basi tuanze na hili," daktari akasema, akigusa karibu na kona ya mdomo, upande wa kulia. "Ndilo lenye kina zaidi. Hapa utaona tofauti haraka."

"Hilo hapana, daktari. Anza kushoto."

"Mbona? Hili ndilo linaloonekana kuliko yote."

"Najua. Lakini lina mwenyewe," Ndevu akasema. "Bila hilo hapati usingizi."

Daktari akamtazama mkewe, akingoja waseme ni utani. Mkewe akatikisa kichwa. Basi daktari akaivuta taa, akaigeuzia upande wa kushoto.